Molekuli zilale au zisimame? Namna ya kupanga filamu ya seli ya sola ya kikaboni

Polima ya kwanza niliyoipenda maabarani ilinidanganya. Kwenye transista ilifanya kazi vizuri ajabu, mpaka nikawa namwonyesha grafu kila aliyepita karibu na meza yangu. Nikaichanganya na fulereni (molekuli ya kaboni inayopokea elektroni), nikatengeneza seli sita za sola, na zote sita zikanipa kigezo cha ujazo cha 0.38. Kigezo hicho hukwambia ni sehemu gani ya nguvu unaipata kweli, ukilinganisha na ile ambayo ungepata kama seli ingetoa volteji yake yote na mkondo wake wote kwa wakati mmoja. Seli nzuri za siku hizi hupita 0.75. Ukipata 0.25 grafu ya mkondo na volteji imekuwa mstari ulionyooka, na hapo huna tofauti na mtu aliyepima rezista.

Nilibadilisha elektrodi. Nikabadilisha uwiano wa mchanganyiko. Nikalaumu oksijeni, kama tunavyofanya sote tukikosa wa kumlaumu. Mwisho nikachora transista na seli kwenye karatasi moja, nikaweka mshale wa mwendo wa chaji kwenye kila mchoro. Kwenye transista mshale ulilala, kwenye seli ukasimama. Polima yangu ilikuwa imejenga barabara safi kabisa kuelekea upande ambao seli haina safari nao.

Kwa hiyo kabla ya kugusa pipeti, chora huo mshale. Ndani ya seli ya sola, filamu, yaani tabaka jembamba linalonasa mwanga, ina unene wa nanomita 100 hivi, nayo imebanwa kati ya elektrodi mbili, moja chini na moja juu. Elektroni na matundu (nafasi zilizoachwa na elektroni, zinazobeba chaji chanya) hayana njia nyingine isipokuwa kupanda au kushuka.

Sasa chukua sahani. Molekuli nyingi za kazi hii ni bapa, na chaji huruka kutoka uso wa molekuli moja hadi uso wa inayofuata, kwa kuwa hapo ndipo mawingu ya elektroni za pai, zile zinazosambaa juu na chini ya bapa, yanapokutana. Umbali wa uso kwa uso ni kama nanomita 0.36 hadi 0.38. Ukirundika sahani kabatini, moja juu ya nyingine, barabara ya chaji inapanda. Hali hiyo nitaiita kulala. Ukizipanga kwenye kichanja cha kukaushia vyombo, kila moja imesimama kwa ukingo na rundo linaelekea kando. Hiyo nitaiita kusimama. Polima ina namna ya tatu, ambapo uti wa mgongo wenyewe, yaani mnyororo mkuu wa polima, unasimama kama nguzo, lakini kwenye filamu zinazotokana na myeyusho ni nadra, nami naiacha hapo.

Polima pia ina mikia: minyororo ya alkili iliyoshikizwa ubavuni ili iweze kuyeyuka. Mikia haipitishi umeme. Sahani zikisimama, mikia ndiyo inayotazama juu na chini, hivyo chaji inayotaka kupanda inakutana na pazia moja baada ya jingine. Kwenye P3HT, polima ambayo karibu kila mtu wa fani hii ameanzia, kutoka safu moja ya uti hadi nyingine kupitia mikia ni kama nanomita 1.6, zaidi ya mara nne ya umbali wa uso kwa uso. Mwaka 1999 Henning Sirringhaus na wenzake walionyesha kwenye transista kwamba P3HT iliyosimama na iliyolala zinaweza kupishana zaidi ya mara 100 kwa wepesi wa chaji. Wengi wetu tulisoma matokeo hayo tukakariri kwamba kusimama ni kuzuri. Ni kuzuri, kwa transista.

Mwanga nao una upande wake. Jua likipiga kioo wima, uwanja wa umeme wa mwanga unalala sambamba na filamu, na molekuli hunasa mwanga pale dipoli yake ya mpito, yaani upande ambao mwanga hutikisa elektroni zake, inapolala upande huohuo. Ftalosianini ya shaba, rangi yenye molekuli bapa, ni mfano safi, kwa sababu ina dipoli mbili, zote ndani ya bapa lake. Zikilala kabisa, zote mbili zinafanya kazi. Zikisimama kabisa, moja inaelekea juu na haioni kitu. Kwenye filamu nyembamba sana, tofauti hiyo ni mara mbili ya mwanga unaonaswa, bila kuongeza hata chembe ya dawa.

Ila polima usiipime kwa kanuni hiyo kichwakichwa. Dipoli ya polima hufuata uti wa mgongo, na uti unalala kwenye kioo iwe sahani zimelala au zimesimama kwa ukingo. Nimemwona mwanafunzi akitumia siku mbili kwenye spektrometa kutafuta tofauti ambayo kifaa kile hakikuwa na uwezo wa kuiona.

Nini kinaamua zilale au zisimame? Jambo la kwanza ni sakafu, yaani kile kilicho chini ya filamu. Juu ya kioo, au oksidi iliyo kimya, molekuli bapa hushikana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyoshikana na sakafu, basi husimama. Weka sakafu inayozivuta nyuso zao, nazo hulala. Kwa ftalosianini zinazowekwa kwa mvuke ndani ya ombwe, tabaka jembamba la iodidi ya shaba, nanomita chache tu, linatosha kuzilaza. Tabaka la PTCDA, molekuli nyingine bapa, hufanya kazi hiyohiyo, kwani lenyewe hulala na kuwa kiolezo cha zinazofuata. Kama unafanya kazi ya mvuke, anza hapo kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote, maana hakuna njia rahisi kuliko hiyo.

Mwendo wa kuweka mvuke na joto la sakafu ndivyo vinavyofuata. Molekuli ikitua mahali penye joto, tena polepole, inapata muda wa kujigeuza hadi ikae inavyotaka yenyewe, na kwenye sakafu isiyoivuta inachotaka ni kusimama. Kwa filamu zisizo na fuwele, linganisha joto la sakafu na joto la molekuli kulainika kutoka hali ya kioo: sakafu ikiwa baridi sana kuliko hapo, molekuli ndefu huelekea kulala.

Kwa filamu za myeyusho mambo yana vurugu zaidi. Mikia ya alkili ina nishati ndogo ya uso, hivyo hupenda kutazama hewa. Ukikausha filamu polepole, P3HT yenye mpangilio mzuri wa mikia na minyororo mifupi itasimama tu. Ile yenye minyororo mirefu na mpangilio uliovurugika kidogo, ikikaushwa haraka, hujikuta imelala kabla haijapata muda wa kujigeuza. Ndiyo maana kiyeyusho si jambo la ladha ya mtu. Klorofomu huchemka nyuzi 61, klorobenzini 132 hivi, dikloro-benzini ya otho kama 180. Kila ukipanda, unaipa filamu sekunde za ziada za kujipanga, kwa heri au kwa shari.

Halafu kuna kinachotokea chupani kabla ya kumwaga. Baadhi ya polima hushikana ndani ya myeyusho, na vishada hivyo hutua kwenye kioo vikiwa na mpangilio wao tayari. PffBT4T-2OD, iliyopata umaarufu mwaka 2014, ni ya namna hiyo: ikiwa moto inayeyuka vizuri, ikipoa inageuka jeli. Ukiifanyia kazi, pasha myeyusho, pasha pipeti, pasha na kioo. Mara ya kwanza nilisahau pipeti, na myeyusho ukaganda nusu njia kama gundi.

Sasa tutengeneze filamu. Mfano wangu ni PM6 (polima, mtoaji wa elektroni) na Y6 (molekuli ndogo, mpokeaji wake), kwa kuwa ni jozi inayosamehe makosa. Y6 ilitangazwa mwaka 2019 na ikafikisha ufanisi wa asilimia 15.7, wakati seli ya tabaka mbili ya Ching Tang ya mwaka 1986 ilikuwa na kama asilimia 1. Napima PM6 na Y6 kwa uwiano wa uzito wa 1 kwa 1.2, jumla miligramu 16 kwa mililita ya klorofomu, naongeza kloronaftalini asilimia 0.5 ya ujazo, nakoroga ndani ya kisanduku cha naitrojeni hadi isibaki punje ukitazama chupa dhidi ya taa. Kioo chenye ITO (oksidi angavu inayopitisha umeme, ndiyo elektrodi ya chini) kimeshasafishwa na kupakwa PEDOT:PSS (polima inayopitisha matundu), kikaokwa nyuzi 150 kwa dakika kumi na tano. Nazungusha mizunguko 3,000 kwa dakika, nadondosha mara moja bila kusita, nasubiri sekunde 30. Tazama rangi: filamu nzuri ina samawati nzito, sawia kama kioo cha miwani. Ukiona mistari kama mkia wa nyota kutoka katikati, kuna vumbi au punje, itupe, usijibembeleze. Kisha nyuzi 110 kwa dakika kumi.

Kloronaftalini huchemka karibu na nyuzi 260, kwa hiyo klorofomu inaondoka na yenyewe inabaki nyuma kidogo, ikiipa Y6 nafasi ya kupanga nyuso zake. Asilimia 0.5 inatosha. Ukizidisha, vishada vinakua vikubwa kuliko safari ya eksitoni (jozi ya elektroni na tundu inayozaliwa na mwanga), ambayo kwa kawaida ni nanomita 10 hivi, na faida ya mpangilio inaliwa na hasara ya mwanga unaopotea njiani. Viongezi vingine, kama diyodo-oktani, vina ugomvi mwingine: vikibaki ndani ya filamu huiharibu ikikaa kwenye mwanga.

Kuijua hali ya filamu kunahitaji eksirei zinazopita karibu sambamba na uso wake, kwenye sinkrotroni, kituo kikubwa cha kutoa eksirei kali, au kwenye mashine nzuri ya maabara. Kwa eksirei za kiloelektroni-volti 10 hivi, pembe ya mipaka ya vitu vya kikaboni ni kama digrii 0.1. Ukipiga chini yake unaona nanomita chache za juu tu. Ukipiga juu kidogo yake, tuseme 0.15, unaona filamu nzima. Piga zote mbili. Filamu inaweza kuwa imesimama juu, kwenye hewa, na imelala chini.

Kwenye picha utaona tao na madoa. Tafuta tao lililo karibu na q ya 1.7 kwa angstromu (q hupima jinsi eksirei zilivyopinda, na angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita). Gawa 6.283 kwa q upate umbali: Y6 yenye q ya 1.76 inakupa angstromu 3.57, umbali wa uso kwa uso. Tao hilo likiwa kwenye mhimili wa wima, rundo linapanda, sahani zimelala. Likiwa kwenye mhimili wa ulalo, zimesimama. Alama ya mikia huwa upande mwingine, q ya 0.3 hadi 0.4 hivi, nayo inapaswa kusimulia hadithi ileile kinyumenyume: rundo likipanda, mikia iko kando. Zikigongana, una mchanganyiko wa mielekeo, au umeshika alama isiyo yake. Upana wa tao unakuambia mpangilio unadumu kwa umbali gani. Upana wa 0.28 kwa angstromu, kwa hesabu ya Scherrer inayogeuza upana kuwa urefu wa rundo, ni kama nanomita 2, yaani sahani tano au sita tu kabla mambo hayajavurugika. Wageni hushangaa jinsi marundo yalivyo mafupi, na bado seli zinafanya kazi.

Makosa mawili yamenigharimu hapa. La kwanza, kioo hutawanya eksirei na kuacha wingu pana palepale unapotafuta tao lako, ndiyo maana watu hutumia silikoni. Nami nikatumia silikoni tupu. Picha ikatoka nzuri, sahani zimelala, nikaandika kwenye daftari "limekwisha". Lakini seli zangu hazikukaa kwenye silikoni, zilikaa juu ya oksidi ya zinki. Nilipopaka oksidi hiyohiyo juu ya silikoni na kurudia, sehemu kubwa ya tao ilihamia ulalo. Siku hizi sipeleki sampuli kwenye eksirei bila kuipaka tabaka lilelile la chini lililo kwenye seli.

La pili ni la hesabu. Watu hujumlisha nguvu ya tao kwa kila pembe, kisha hutangaza asilimia ya zilizolala. Ila karibu na wima kuna nafasi ndogo ya mielekeo kuliko karibu na ulalo, hivyo ni lazima kila pembe uizidishe kwa sain ya pembe hiyo kutoka wima. Usipofanya hivyo, zilizolala huonekana nyingi kuliko zilivyo. Filamu moja niliyoisifu kwa asilimia 80 ilishuka hadi karibu nusu baada ya hesabu kunyooshwa. Tena pima mtoaji peke yake na mpokeaji peke yake kabla ya mchanganyiko, kwa sababu matao yao hukaa karibu mno kutofautishwa kwa macho.

Usiishie kwenye picha. Chaji yenyewe ipimwe kwa wima, kwenye vifaa vya kupitisha matundu tu na vya kupitisha elektroni tu. Kwa matundu natumia PEDOT:PSS chini, oksidi ya molibdeni na fedha juu, nasoma mkondo pale unapopanda kwa mraba wa volteji, kisha naingiza kwenye sheria ya Mott na Gurney, inayotoa wepesi wa chaji kutokana na mkondo, volteji na unene. Unene unaingia kwa nguvu ya tatu: ukikosea unene kwa asilimia 10, wepesi wa chaji unakosea kwa asilimia 33. Pima unene mahali pale ulipopima umeme, wala usikope namba ya kioo cha jana. Ukipata sehemu moja ya elfu kumi (0.0001) ya sentimita mraba kwa volti-sekunde, au zaidi, kwa matundu na kwa elektroni, na namba hizo mbili hazipishani sana, mwelekeo si tatizo lako tena. Tafuta kwingine.

Maana mwelekeo unaweza kugeuzwa kuwa dini. P3HT na fulereni, huku P3HT imesimama kwa sehemu kubwa, zilifika asilimia 4 hadi 5 na vigezo vya ujazo visivyo vya aibu, kwa sababu minyororo mirefu hufunga daraja kati ya kishada na kishada. Fulereni nayo ni mpira, haina uso wala ukingo. Mpokeaji wa aina ya Y6 ni bapa, kwa hiyo sasa una aina mbili za sahani za kupanga, na kinachohesabika zaidi ni jinsi zinavyokutana mpakani, mtoaji na mpokeaji. Zikikutana uso kwa uso, elektroni inavuka kwa urahisi, ila kurudi nako kunakuwa rahisi. Mwelekeo pia husogeza viwango vya nishati: molekuli ileile ikisimama au kulala, nishati ya kuing'oa elektroni inaweza kupishana kwa karibu nusu elektroni-volti, na hapo volteji ya seli inabadilika huku kemia haijaguswa. Eksirei za kawaida hazikuonyeshi mpaka huo, zinakupa wastani wa filamu nzima. Kwa hiyo volteji ikishuka wakati picha imekuwa nzuri zaidi, iamini volteji.

Seli zikiwa mbovu, mimi hufuata mpangilio huu. Kwanza naangalia kigezo cha ujazo chini ya mwanga hafifu na mwanga kamili. Kikiwa kizuri kwenye hafifu na kibaya kwenye kamili, chaji zinakwama njiani, na mwelekeo ni mshukiwa halali. Kikiwa kibaya kotekote, huenda ni mguso wa elektrodi au uvujaji, usisumbue watu wa eksirei. Pili natengeneza filamu nyembamba zaidi, nanomita 70 hivi. Kigezo kikipanda sana, ushahidi umeongezeka. Tatu nabadilisha kiyeyusho kimoja tu, au sakafu moja tu, siku hiyohiyo, kutoka chupa ileile. Ukibadilisha viwili, umejinunulia wiki ya ubishi.

Ile polima yangu ya kwanza hatukuiokoa kwa kiyeyusho wala kwa joto. Mwenzangu wa kemia aliipa mikia yenye matawi badala ya ile iliyonyooka, na sahani zikalala: tao likahama kutoka ulalo hadi wima, kigezo cha ujazo kikatoka 0.38 hadi 0.61. Nikairudisha kwenye transista kwa udadisi tu. Huko ilikuwa mbovu mara kumi kuliko ya zamani.